Waya na Mawimbi: Jinsi ya Kuongoza Njia za Mtandao katika Kompyuta ya Linux

Mara nyingi nimewasikia wanafunzi wenzangu wakisema, "Kompyuta imeunganishwa, lakini haifanyi kazi." Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, nikidhani nimetaja ugonjwa, kumbe nimetaja maumivu tu. Muhula uliopita maneno hayo yalikaribia kumkosesha mtu nafasi ya masomo, na kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze nililojifunza, maana shule yetu ina kompyuta za Linux, na wengi wetu tutazitumia siku ambayo mwalimu hayupo karibu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya mikopo ya chuo kikuu. Dada mmoja aliyemaliza Kidato cha Sita hapa hapa alikuja pamoja na baba yake, akiomba asaidiwe kujaza fomu kwa intaneti na kuipiga chapa ili mzee atie sahihi. Mimi ndimi niliyekuwa zamu katika chumba cha kompyuta. Laini ya intaneti ya shule ilikuwa imekatika tangu wiki iliyotangulia. Basi mzee akaiwasha simu yake igawe intaneti kwa mawimbi, nami nikaiunganisha na kompyuta mpakato ya chama chetu. Waya wa chumba niliuacha mahali pake, kwa kuwa printa yetu hufikiwa kwa waya huo.

Alama ya mawimbi ikaonekana imejaa. Lakini ukurasa wa maombi haukufunguka. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu anayejua, "Bando limekwisha." Mzee akaenda dukani, akanunua jingine kwa fedha ya nauli. Ukurasa haukufunguka. Nikaizima kompyuta na kuiwasha mara tatu, nikaandika neno la siri upya, nikailaumu simu, nikayalaumu mawingu. Tulianza saa nane mchana. Saa kumi ikatukuta pale pale. Dada yule alikuwa amenyamaza kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko kama angalinigombeza.

Ndipo Mwalimu wetu wa Fizikia akapita mlangoni. Hakugusa kitu. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, barua zako zinatokea njia ipi?" Sikuwa na jibu. Kabla sijasimulia yaliyofuata, yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, nawe msomaji utaweza kulijibu swali hilo kabla yangu.

WAYA NA MAWIMBI

Kompyuta mpakato nyingi zina njia mbili za kuingia mtandaoni. Moja ni ya waya, nayo huitwa Ethernet. Ya pili ni ya mawimbi, nayo ndiyo waifai. Watu hudhani ya waya ni nzee na ya mawimbi ni mtoto wake, lakini katika historia mambo yamepindana. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuziunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Mwaka 1973, huko California katika maabara za Xerox, Robert Metcalfe aliichukua fikra hiyo, na pamoja na David Boggs wakaitia ndani ya waya. Basi waya ulijifunza kwa mawimbi. Kanuni za waifai zilitolewa baadaye, mwaka 1997, nazo wakati huo zilipitisha megabiti 2 tu kwa sekunde.

Kila njia ina tabia yake. Waya wa shaba wa kawaida hufaa mpaka urefu wa mita 100 hivi. Ukizidi hapo ishara hudhoofika. Mawimbi hayahitaji waya, lakini hewa ni ya wote. Vyombo vilivyo kwenye mkondo mmoja hupokezana zamu kama watu katika baraza: akisema mmoja, wengine hungoja. Ndiyo sababu darasa zima likiingia pamoja mwendo hupungua. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 huwa na mwendo mkubwa, lakini huchoka upesi. Tena bati hurudisha mawimbi nyuma, kwa hiyo usishangae chombo kikisikika vizuri uani na kupotea nyuma ya ukuta wa mabati.

MSIMAMIZI WA NJIA

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Katika kompyuta za Ubuntu, Debian na Fedora zenye madirisha ya picha, aghalabu kazi ya kusimamia njia hizi imepewa programu iitwayo NetworkManager, iliyoanza mwaka 2004 katika kampuni ya Red Hat. Unaweza kuiongoza kwa kubofya alama iliyo pembeni ya kioo. Lakini alama ile husema machache. Ukitaka kuuliza maswali kamili, fungua dirisha la amri utumie amri yake, nmcli. Mimi sasa nina maswali matano, nami huyauliza kwa utaratibu, bila kuruka hata moja.

Swali la kwanza: Je, kadi ipo, na imewashwa? Andika:

nmcli device

Utaona orodha ya kadi za mtandao na hali ya kila moja. Majina yake yanatisha kidogo, lakini yana maana. Kwetu kadi ya waya huitwa enp2s0, na ya mawimbi wlp3s0. Herufi "en" ni za Ethernet, "wl" ni za mawimbi, na tarakimu zinazofuata zaonyesha mahali kadi ilipochomekwa ndani ya mashine. Ile iitwayo "lo" ni ya kompyuta kuzungumza na nafsi yake, iache. Ikiwa kadi ya mawimbi haipatikani, huenda imefungwa. Andika:

rfkill list

Kama imefungwa kwa programu, amri ya "rfkill unblock wifi" huifungua. Kama imefungwa kwa kitufe cha pembeni au cha kibodi, hakuna amri itakayosaidia, tafuta kitufe.

Swali la pili: Je, imeshika? Kwa waya, tazama taa ndogo kwenye tundu. Ukiandika "ip link" na kuona neno NO-CARRIER karibu na jina la kadi ya waya, maana yake hakuna ishara inayofika: waya umechomoka, umekatika, au upande wa pili umezimwa. Kwa mawimbi, orodhesha mitandao iliyo karibu:

nmcli device wifi list

Kisha jiunge na unaoutaka:

nmcli --ask device wifi connect "Jina la mtandao"

Neno lile "--ask" huifanya kompyuta ikuulize neno la siri. Wengine huandika neno la siri ndani ya amri yenyewe. Si vizuri, maana amri huhifadhiwa katika kumbukumbu ya dirisha, na mwenzako atakayekaa kitini baada yako ataweza kulisoma.

Swali la tatu: Je, imepewa anwani? Kushika tu hakutoshi. Kila kompyuta lazima ipewe anwani na ruta, au na simu iliyochukua kazi ya ruta. Andika:

ip address

Tazama tarakimu mbele ya neno "inet". Kama hazipo, kompyuta imepiga hodi na haikuitikiwa. NetworkManager kwa kawaida hungoja sekunde 45, kisha hukata tamaa.

Swali la nne, nalo ndilo alilouliza Mwalimu: Je, barua zinatokea njia ipi? Andika:

ip route

Swali la tano: Je, majina yanajulikana? Kompyuta hutafuta tarakimu, ilhali sisi twaandika majina. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, jaribu kwanza tarakimu, halafu jina:

ping -c 4 1.1.1.1

ping -c 4 debian.org

Tarakimu zikijibu na jina likagoma, njia ni nzima. Kilichoharibika ni daftari la majina. Jina likijibu, basi mtandao hauna neno, nawe kautafute ugonjwa katika programu unayotumia au katika ukurasa wenyewe.

YALIYOTUPATA

Sasa turudi katika chumba cha kompyuta. Mwalimu aliniambia niandike "ip route", nami nikaona mistari hii miwili, ambayo naifupisha:

default via 192.168.1.1 dev enp2s0 metric 100

default via 192.168.43.1 dev wlp3s0 metric 600

Neno "default" ni njia ya kutokea kwa kila barua isiyokuwa ya jirani. Neno "via" lataja lango ambalo barua zitapitia, na "dev" lataja kadi. Kumbe kompyuta yetu ilikuwa na malango mawili: moja kwa waya, kwenye ruta ya chumba, na jingine kwa mawimbi, kwenye simu ya mzee. Neno "metric" ni kama urefu wa safari: tarakimu ndogo hupendelewa. NetworkManager huupa waya 100 na waifai 600, kwa kuwa siku nyingi waya ndio ulio thabiti zaidi. Basi kila ombi la yule dada lilikuwa likipelekwa kwenye ruta ya chumba, ambayo ilikuwa hai, yenye taa zake na anwani zake, lakini laini yake ya kwenda nje ilikuwa imekatika. Barua zilifika langoni zikafia hapo. Simu ya mzee ilikaa mezani, njia imefunguka, wala hapakuwa na aliyepita.

Mwalimu akamwomba mzee atazame salio. Bando la kwanza lilikuwa karibu zima. Ushahidi ulikuwa mfukoni mwake tangu mwanzo, nami sikuuomba. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikataka kuuchomoa waya. Mwalimu akasema, "Ukiuchomoa utapata intaneti. Na fomu utaipiga chapa kwa nini?" Kweli, printa ilikuwa upande wa waya. Dawa haikuwa kuua njia moja, bali kuipa kila njia kazi yake. Tuliandika hivi; jina "Chumba" ndilo tulilouita uunganisho wa waya:

nmcli connection modify "Chumba" ipv4.never-default yes ipv4.ignore-auto-dns yes

nmcli connection up "Chumba"

Sehemu ya kwanza yasema: waya huu usiwe njia ya kutokea kamwe, utumike kwa majirani tu, kama printa. Sehemu ya pili yasema: usiyaulize majina kwa ruta hiyo, maana haiwezi kuyajua. Amri ya pili huuinua uunganisho upya ili maagizo hayo yafuatwe. Nikaandika "ip route" tena; sasa palikuwa na mstari mmoja tu wa "default", nao ni wa simu. Kwa hakika zaidi Mwalimu akaniagiza:

ip route get 1.1.1.1

Amri hii huionyesha njia ambayo barua fulani itapitia. Ikajibu wlp3s0. Ukurasa ukafunguka. Dada akajaza fomu, printa ikaitoa kwa waya, mzee akatia sahihi, na karatasi ile ikapigwa picha kwa simu na kupelekwa. Saa kumi na mbili kasorobo kila kitu kilikuwa kimepokelewa.

Nilimwomba mzee radhi kwa fedha ya nauli. Akanijibu kwa upole, "Si neno, mwanangu. Lakini siku nyingine tazama kwanza, ndipo umtume mtu dukani." Kesho yake chama chetu kilimrudishia fedha yake kwa simu. Maneno yake tumeyaandika ukutani juu ya meza ya zamu.

Naongeza jambo moja kwa wale watakaojaribu nyumbani. NetworkManager inaweza kuwekwa iwe inakagua kama kila njia ina pa kutokea, na njia isiyo na pa kutokea husukumwa nyuma yenyewe. Katika kompyuta yetu ukaguzi huo haukuwa umewashwa. Ikiwa kwako umewashwa, tarakimu za "metric" zaweza kuwa kubwa mno kuliko hizi. Usishtuke, kanuni ni ile ile, ndogo hutangulia.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Baada ya siku ile chama chetu kimejiwekea desturi nne.

Kwanza, kila uunganisho twaupa jina linaloeleweka, kama "Chumba", "Ofisi" au "Simu". Amri ya "nmcli connection" huorodhesha yote yaliyohifadhiwa.

Pili, pakiwa na mitandao kadhaa ya mawimbi inayojulikana, twaiambia kompyuta uanze upi. Mwenye tarakimu kubwa hutangulia, na ya kawaida ni sifuri:

nmcli connection modify "Ofisi" connection.autoconnect-priority 10

Angalia usichanganye: hapa kubwa hutangulia, bali katika "metric" ndogo hutangulia. Mimi mwenyewe nimewahi kuteleza hapo.

Tatu, intaneti ya simu twaitia alama kwamba ni ya kupimiwa, ili programu zinazoheshimu alama hiyo zisipakue masasisho makubwa kwa siri na kumaliza bando la mtu:

nmcli connection modify "Simu" connection.metered yes

Nne, mgeni akishamaliza kazi, twaufuta uunganisho wa simu yake mbele yake. Kompyuta huyahifadhi maneno ya siri, na mtu aliyetukopesha intaneti ya saa moja hakutupa ufunguo wa nyumba yake. Amri ni "nmcli connection delete", ikifuatwa na jina la uunganisho.

Kwa kifupi, ndugu wasomaji, kuunganishwa si kufika. Alama iliyojaa yakuambia kwamba umeshikana mkono na chombo kilicho karibu nawe. Haikuambii kama chombo hicho chenyewe kina njia ya kwenda mbele. Uliza maswali matano kwa utaratibu: kadi, kushika, anwani, njia, majina. Hayachukui hata dakika tano, na yangaliweza kutuokolea saa mbili za wasiwasi na nauli ya mzee. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nimejifunza kwamba hata kompyuta yafaa kuulizwa kabla ya kulaumiwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta ina waya na waifai kwa pamoja, na zote mbili zinaonyesha kuwa zimeunganishwa. Ni amri gani itakuonyesha njia ya kutokea?

2. Ukiandika "ping -c 4 1.1.1.1" unapata majibu, lakini "ping -c 4 debian.org" haipati. Ni nini kilichoharibika, na ni nini kilicho kizima?

3. Kwa nini katika habari hii haikufaa kuchomoa waya tu?

4. Katika "ip link" umeona NO-CARRIER kwenye kadi ya waya. Taja mambo matatu utakayotazama kwa macho kabla ya kuandika amri nyingine.

Majibu yaletwe katika chumba cha kompyuta siku yoyote ya kazi baada ya masomo. Asiyeweza kujibu aje pia. Kompyuta ipo, na sasa aliye zamu atatazama kwanza.